Wakwe wa Mama

Mama aliporuhusiwa kutoka hospitalini baada ya nimonia, daktari alitupa sharti moja: mgeni asimguse kabla ya kunawa mikono kwa sabuni. Kifua cha mzee, alisema, hakitastahimili mara ya pili. Nikafurahi kupewa kazi rahisi hivyo, kana kwamba Bungoma watu hawasalimiani.

Nilikuwa nimetoka Kitale na ndoo ya maji yenye mfereji wa kufungulia, na kipande cha sabuni. Nikaviweka mlangoni. Akina mama wa kanisa wakafika siku hiyohiyo, wamejaa imani na vumbi la shamba, wakaipita ndoo kama hawaioni.

"Akina mama, maji ni hayo," nikasema.

"Ati tunawe? Kwani chakula iko tayari?" akauliza kiongozi wao.

Nikaeleza maneno ya daktari.

"Si tumekuja kuombea yeye, bana! Mkono ya maombi hailetangi ugonjwa."

Wakamshika Mama mkono mmoja baada ya mwingine, kwa mikono yote miwili, kwa heshima, asije mdudu wa ugonjwa akabaki nyuma. Mmoja alikohoa kwanza kiganjani. Mama hakumnyima yeyote mkono, maana kwetu kunyima mkono ni kutangaza uadui. Kisha chakula kikaja, jagi na beseni vikazunguka, wakanawa mpaka kwenye kucha. Ugali uliheshimiwa kuliko mama yangu.

Aliyenawa mlangoni ni mume wangu peke yake, na yeye hakuwa na haja. Kwetu mkwe hampi mama mkwe mkono. Humsalimia kwa mbali, macho chini, naye Mama hujifunika uso kwa leso. Mikono misafi kuliko yote ikakaa bure pale mlangoni.

Siku chache baadaye Mama akaanza kukohoa tena. Alivuta pumzi kama anayeburuta gunia la mahindi. Niliogopa, na nilikasirika. Wale akina mama wa kanisa wakatuma salamu kwamba wamesikia amezidiwa, na sasa watakuja wengi zaidi. Tulibarikiwa kweli.

Walipoingia, kiongozi akanyoosha mkono. Mama akajifunika uso kwa leso.

"Mama, si ni mimi!"

"Nimekuona. Kuanzia leo nyinyi wote ni wakwe zangu. Nisalimieni kutoka huko."

Wakarudi nyuma mpaka ukutani. Daktari wangeweza kumbishia, na nimonia pia, lakini nani angegusa mwiko wa wakwe? Waliomba kutoka hukohuko, kwa sauti ya juu kidogo, na sidhani Mungu alipata shida kuwasikia.

Kikohozi kilipungua polepole, kikaisha. Siku ya kurudi Kitale nilimnyooshea Mama mkono kumuaga. Akautazama tu.

"Mkwe wangu," akasema, "maji ni hayo."

Nikaenda kunawa. Akaupokea mkono wangu ukiwa bado na maji, akaukumbatia kifuani.

"Hakuna mtu amenishika tangu siku ile," akasema, na hakuuachilia.