Moyo wa Cucu Ulipoanza Kuruka

Wiki iliyopita nilibandikwa nyaya tano kifuani katika kliniki moja mjini Embu, nikafungwa kiunoni kijimashine kinachotoshana na redio ya mfukoni, nikaambiwa nikae nacho siku nzima na nisioge. Nisioge kwa nini? Daktari kijana alinieleza, lakini mimi si mtu wa kuridhika haraka. Nilimtazama mikono akibandika. Nilimtazama na msaidizi wake akiandika jina langu, nikahakikisha kweli ni langu. Moyo wangu umekuwa ukiruka tangu mwaka uanze: unapiga vizuri, unanyamaza kidogo, halafu unapiga kishindo kimoja hadi nashika meza. "Kwa familia yenu kuna mtu mwingine moyo wake hufanya hivyo?" akaniuliza. Nikasema hapana, maana nilishuku anatafuta njia ya kuniongezea vipimo. Nilipofika langoni uongo ule ulinikaa vibaya. Alikuwepo mtu, na ndiye aliyenifundisha kushuku.

Huyo alikuwa nyanya yangu, ambaye sote tulimwita cucu. Aliishi Kianjokoma, juu kule kwenye majani chai, na mimi nililelewa kwake. Sijui kama umewahi kuamka Kianjokoma mwezi wa saba, rafiki yangu. Ukungu unaingia hadi jikoni, kuni zinalia kwa unyevu, na unavaa sweta mbili kwenda kukamua ng'ombe. Siku zisizo za shule nilifunga kikapu mgongoni nikachuna majani nyuma ya cucu, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kila mtu aliyepita barabarani cucu alimsalimia kwa furaha, kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya chini, "Namjua, lakini simjui." Alisema hivyo juu ya mchungaji. Alisema hivyo hata juu ya mwalimu wangu, na tangu siku hiyo nikawa nahesabu penseli zangu kabla ya kutoka darasani.

Mtu mmoja tu hakusemwa hivyo, naye ni jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Alikuwa mjane, na aliolewa upande huo mwaka mmoja na cucu. Saa nne kila asubuhi alivuka na kibuyu cha ucuru, uji wa wimbi uliolala ukachachuka, wenye harufu inayokupata kabla hajafika. Wakakaa kwenye gogo, wakanywa kwa kikombe kimoja kinachoenda na kurudi, wakiwacheka watu wote wa bonde lile. Nilikuwa nikipewa povu la mwisho.

Asubuhi moja kikombe kikiwa kwa cucu, alishika kifua ghafla. "Moyo umesimama," akasema. "Sasa umepiga teke." Jirani akamsugua mgongo, wakacheka, ikaisha. Lakini kesho yake uliruka tena, na siku iliyofuata. Jirani alipoondoka, cucu aliniita jikoni akaniuliza polepole kama nimewahi kuona jambo lolote.

Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimemwona jirani pale kijitoni akifungua fundo kwenye pembe ya leso, akamimina kitu ndani ya kibuyu, akatikisa. Nikamwambia cucu yote, hata jinsi alivyotazama nyuma kabla ya kumimina. Hapo niliongeza kidogo. Hakutazama nyuma, lakini niliona hadithi inapendeza zaidi ikiwa ametazama.

Cucu hakupiga kelele. Alisema tu, "Ameniwekea kitu," akaenda kufunga lango kwa waya.

Kuanzia hapo hakutia mdomoni kitu kilichopikwa na mkono mwingine. Shangazi alileta githeri ya mahindi na maharagwe, ikaenda kwa mbwa. Hata vyakula vyake mwenyewe alianza kuvishuku, akawa anakula kidogo sana. Kitu kimoja tu alikiamini, chai, kwa kuwa aliipanda, aliichuna na aliichemsha mwenyewe. Akawa anapika turungi, chai kavu isiyo na maziwa, ikatokota mpaka kijiko kinapotea ndani, akaijaza kwenye themosi na kuibeba kama mtoto mchanga. Themosi ya kwanza iliisha kabla ya mchana, ya pili kabla ya jua kutua. Na moyo ukazidi. Niliweka sikio kifuani pake nikausikia: du, du, du, kimya, DU! Nasi tukatazamana. Ikiwa ugonjwa unazidi ilhali hanywi tena ucuru, basi kile alichowekewa ni kikali mno. Hivyo ndivyo tulivyofikiri, na hakuna aliyetupinga.

Jirani aliendelea kuja. Nilitumwa kusema cucu amelala, naye akaniachia kibuyu langoni. Niliwamwagia kuku ucuru ule, nikakaa juu ya ndoo mchana mzima nikimchunguza kuku mmoja mwekundu atakufa saa ngapi. Jioni akataga yai. Nilipompelekea cucu habari hizo alifikiri kidogo akasema, "Kuku ana moyo mdogo. Dawa hiyo ni ya mtu." Usinicheke, niliona ni maneno ya akili kabisa. Siku ya nane au ya tisa jirani hakuja.

Mwisho cucu alishikwa na kizunguzungu kwenye kituo cha kuuzia majani, akaketi chini mbele ya watu wote. Walimbeba hadi dispensari. Nesi pale alikuwa mama mnene asiye na haraka. Alimpima presha, akamvuta kope akaona damu imepungua, akauliza anakula nini na anakunywa nini. Cucu akanitupia jicho: huyu naye anatafuta nini? Nesi akaichukua themosi, akamimina kwenye kifuniko.

"Cucu, hii ni chai ama ni lami?"

"Ni chai yangu. Nimechuna mimi."

"Unakunywa ngapi?"

"Mbili."

"Vikombe?"

"Themosi."

Nesi akaketi. Alimweleza kwamba moyo wake haukuwa ukisimama. Pigo moja linatangulia kabla ya wakati wake, moyo unangoja kidogo kujipanga, na linalofuata linakuja na nguvu, ndilo linalomshtua. Karibu kila mtu moyo wake huruka mara moja moja asijue. Chai nyingi, njaa, damu kidogo, kukosa usingizi na kukaa ukiusikiliza moyo, hivyo vyote huuchokoza. "Lakini ukizimia, ama kifua kikikuuma, ama pumzi ikikatika, usingoje kesho," akasema. Akamtuma mjini moyo uchorwe kwenye karatasi ili wawe na hakika. Mchoro ulikuwa mzuri. Juzi, niliporudi kwa daktari kijana kuchukua majibu, aliniambia karibu yayo hayo, nikamkubalia kwa shingo upande. Nilimwambia pia ukweli kuhusu cucu.

Baada ya wiki chache za kikombe kimoja cha chai ya maziwa, mboga na vidonge vya damu, moyo wa cucu ulitulia, ukabaki kuruka mara moja moja tu. Ndipo akachukua chupa ya maziwa, akanishika mkono, tukavuka kijito. Jirani alikuwa akipepeta wimbi. Cucu alisimama uani akaeleza yote, na kwa aibu yangu akaeleza hata lile fundo la leso.

"Ilikuwa sukari," jirani akasema. "Si unapenda tamu? Nyumbani ilikuwa kidogo, nilikuwa nakufichia usikatae."

Akatuwekea viti, akamimina ucuru. Kisha akakiinua kikombe akapiga funda la kwanza yeye mwenyewe, akameza cucu akimwona, ndipo akampa. Kwetu hivyo hufanyiwa mgeni, mtu usiyemjua, ili asadiki hakuna ubaya. Wawili hawa hawakuwa wameonjeana maisha yao yote.

"Usinionjee," cucu akamwambia. "Mimi si mgeni."

"Wacha tu nionje," jirani akajibu kwa upole. "Hata wewe utakunywa ukiwa umetulia."

Alianza kuvuka tena saa nne, wakacheka tena, na kila siku alionja kwanza. Alifanya hivyo miaka yote iliyobaki, mpaka akazikwa, na cucu akamfuata mwaka uliofuata. Gogo limeoza, shamba limegawanywa, na wimbi halilimwi tena upande ule. Vitu hivyo naweza kuvivumilia. Ninachoshindwa kuvumilia ni kwamba kulikuwa na watu wawili duniani waliokunywa bila kuonjeana, na nikawaharibia kwa neno moja nililoongeza.