Paka Watatu wa Leokadia na Sahani Yangu ya Wali

Mpaka saa hii kichwa changu kinakataa. Leokadia, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, tulimzika Jumatano kule Nyakisasa.

Mnaonifuata hapa mmezoea niwaandikie mambo matamu. Leo nimechefukwa, na nitasema.

Kwa asiyemjua: alikuwa afisa mifugo mstaafu, miaka karibu yote Biharamulo. Mwanamke wa kwanza niliyemwona akizalisha ng'ombe mkono ukiwa ndani mpaka begani, kisha akanawa, akanywa chai bila haraka. Hakuolewa, hakuzaa. Alikuwa na paka.

Na si paka wa kawaida. Baba yake alikuwa mpishi wa mapadre, na padre mmoja mzungu alipohama aliwaachia paka wawili wa Siamese, dume na jike. Mwili rangi ya chai ya maziwa, macho ya buluu, uso mweusi kama waliuchomeka chini ya sufuria. Yule jike tukamwita Masizi.

Shida ilikuwa sauti. Paka wa Siamese hasemi nyau akaishia hapo, analalamika kama mtoto mchanga mwenye njaa. Kwa hilo tu, majirani wakaamua nyumba ile ina uchawi.

Ikaja Operesheni Vijiji. Lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa lilipofika, tuliambiwa tupakie vyungu, majembe na watoto. Jirani mmoja akasema paka wale wakipanda, yeye hapandi.

Mama yake Leokadia hakubishana. Aliwatia paka kwenye kikapu, akakifunga kwa kitenge, akakizungusha mara tatu palepale uani. Kwetu paka anayehamishwa huzungushwa, asiikumbuke njia ya kurudi. Kisha akatembea kwa miguu siku nzima, Leokadia nyuma yake. Tulikuwa na miaka tisa. Mimi nilipanda lori.

Haikupita miezi mingi, panya wakaingia ghala la kijiji. Mahindi ya shamba la ujamaa yakawa unga kabla ya kusagwa. Mwenyekiti akaja mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama, tunaomba paka wako walale ghalani. Sasa ni mali ya kijiji."

Leokadia akadakia, "Shikamoo, mwenyekiti. Jana si walikuwa wachawi?" Alichapwa kwa hilo, na mama yake alimchapa huku akicheka.

Vita ya Kagera ilipoanza, baba zetu wengine wakaenda mgambo, na kijiji kikaombwa chakula cha wanajeshi. Magunia yalitoka ghalani mazima, hakuna hata moja lililotobolewa.

Shukrani ya punda ni mateke. Mtoto wa jirani alipokufa kwa surua, wakasema ni uchawi wa paka, na yule dume akakutwa amepigwa mawe mpaka kufa. Hao hao waliokula mahindi aliyoyalinda.

Leokadia alimfukia mwenyewe. Akaniambia, "Watu hawa wananitia kichefuchefu. Ng'ombe wao hawana kosa." Akasomea mifugo.

Uzao wa Masizi alihama nao kila alipopata transfer. Walishachanganyika na paka wa kienyeji, lakini hakukosekana mwenye uso wa masizi. Kule Nyabusozi, Wasukuma waliohamia na mifugo yao walimwita Mama Paka, na walimwita kwa heshima.

Bosi mmoja alimpa warning letter kwa sababu ya paka kulala juu ya mafaili. Akajibu kwa maandishi kwamba mafaili ya bosi yameliwa na panya, akaangalie kabati lake. Bosi akaangalia. Barua ile haikutajwa tena.

Mwaka jana alipoanza kuumwa aliniambia, "Mama Deo, nikitangulia, wachukue hawa watatu siku hiyohiyo. Usingoje matanga. Nawajua ndugu zangu."

Nikasema, "Sawa, dada." Kwa wepesi tu, kama mtu anayekubali kuongezwa chai.

Jumatano tulipotoka makaburini nilipewa sahani ya wali, nikakaa. Nikawasikia paka wakilia nyuma ya nyumba. Nikajiambia nimalize kula kwanza.

Nilipokwenda, nilimkuta mtoto wa kaka yake anapangusa mikono.

"Shikamoo, mama. Wale paka tumeshawaondoa. Nimewatia kwenye gunia la salfeti, nikalizungusha vizuri, pikipiki imekwenda kuwamwaga porini, njia ya Murukulazo. Hawarudi."

"Wamekukosea nini?"

"Mama, watu wanaongea. Paka wa marehemu hawakai."

Jioni yake huyo huyo kaweka kwenye group la msiba picha ya shangazi yake amempakata paka, na mshumaa pembeni: "Tumempoteza mpenda wanyama." Walewale waliomwita mchawi miaka hamsini wakajaza mioyo na mikono ya kuomba. Nilitaka kutapika juu ya simu.

Lakini anayenitia kinyaa kuliko wote ni mimi, na ile sahani yangu.

Jana nimekwenda huko porini na binti yangu. Tumeita mpaka sauti zimekauka. Tumempata mmoja kichakani, jike, mguu umevunjika. Mchunga ng'ombe tuliyemkuta alitutazama kwa huruma, akasema, "Mama, huku fisi ni wengi."

Leokadia, katika maisha yote uliniomba jambo moja. Sitaandika hapa kwamba paka wako wako salama ili watu wanipe pole na sifa. Wawili wamepotea kwa sababu nilikuwa nakula. Mmoja yuko kwangu, nimemfunga mguu, amekataa maziwa, anakaa anautazama mlango.

Wanaokuandikia upumzike kwa amani, waandike. Mimi nakuomba radhi kwanza. Ulale salama, dada yangu, na ukishindwa kunisamehe nitaelewa.