Farasi Aliyeogopa Radi

Kwa miaka tisa mtunza farasi alikuwa na desturi moja: wingu likitanda, aliacha kazi zote akakae na farasi jike wa kijivu aliyeogopa radi. Alimfunika macho kwa koti lake, akamwegemea shingoni, wakanyamaza pamoja mpaka kutulie.

Siku hiyo jua na mvua vilipokezana tangu asubuhi. Adhuhuri shemeji yake, mume wa dada yake na msimamizi wa mazizi, alikuja mbio.

"Shemeji, banda linavuja. Mpandishe kwenye lori mpaka mvua ikatike. Sisi wengine anatuona nzi tu."

Mtunza farasi alicheka, akamwongoza. Mnyama, macho yamefunikwa, alipanda bila ubishi. Mlango ukafungwa, injini ikanguruma.

"Anapelekwa wapi?"

"Ameuzwa tangu juzi. Ningekwambia, ungempandisha?"

"Thubutu!"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Lori likatoka getini, farasi akilia ndani yake. Shemeji alimshika bega, akamwambia asinune, farasi hawajaisha duniani. Mtunza farasi aliuondoa mkono ule taratibu. Tangu hapo, hata mezani mbele ya dada yake, hamwiti tena shemeji. Humwita bosi.