Wanene Nyuma

"Kwaya siendi tena, mama, na mtu asinibembeleze!"

Mama yake, dobi, alikuwa anapiga pasi shuka za nyumba ya wageni. Hakuinua kichwa. "Nani tena kakuchokoza?"

"Mwalimu wa kwaya. Kasema, 'Wanene nyuma, wembamba mbele.' Akaanza na mimi kuninyooshea kidole. Wote wakaangua kicheko!"

Pasi ikabaki hewani.

Binti alikuwa na mwili, haufichiki, na darasani walishambandika jina la Bonge. Jina lenyewe alilivumilia kama kiatu kinachobana. Ila kwenye kwaya hakuna aliyemwita hivyo. Na alichokitaka ni kimoja tu, kuimba sauti ya kwanza, ile ambayo wazazi wakitoka ukumbini wanakwenda nayo mdomoni. Leo anatupwa nyuma pamoja na wavulana, angurume kama mashine ya kusaga!

"Vaa viatu," mama akasema. "Hiyo midomo yake nataka niisikie mwenyewe."

Walimkuta mwalimu mlangoni mwa ofisi. Aliposikia shitaka akashika kichwa.

"Mama, nilikuwa nasema sauti! Sauti nene nyuma, nyembamba mbele. Hata yule kijana aliyekonda kama ufito nimemweka nyuma, si ana sauti nzito?"

Dobi akataka kucheka. "Umesikia, mwanangu? Ni neno tu. Yameisha."

"Hayajaisha," binti akasema. "Samahani, mwalimu. Walipocheka, ulijua wanacheka nini?"

Mwalimu akapangusa chaki vidoleni. Chaki ilikuwa imeshatoka zamani, yeye anapangusa tu. "Nilijua."

"Mbona hukuwaambia ni sauti?"

Mwalimu akainama, akanong'ona, "Basi, mwanangu, niwie radhi."

"Umenivua nguo sokoni, mwalimu, unakuja kunifunika uchochoroni?"

"Wewe! Adabu!" mama akafoka, lakini kwa mdomo tu. Njia nzima alimshika mkono.

Binti hakurudi. Kila jioni akifagia darasa aliisikia kwaya ng'ambo ya uwanja, sauti nyembamba zinapaa, chini wavulana peke yao hawatoshi kuzibeba. Akijisahau, anajikuta anaiimba ile nene, ileile asiyoitaka. Hapo anatupa ufagio kwa hasira. Deni ni la mwalimu, kwa nini yeye ndiye alilipe?

Siku ya tano mwalimu akamwita mazoezini. Akamsimamisha mbele, naye akasimama kando yake.

"Nilisema wanene," akawaambia wanakwaya. "Nilikusudia sauti. Nyinyi mlicheka mwili wa mwenzenu, mimi nikajua, nikanyamaza. Anayetakiwa kuona aibu ni mimi." Akamgeukia. "Niwie radhi, mwanangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Binti alimtazama mpaka mwalimu akaanza kuchezea kola.

"Nimekusamehe, mwalimu. Ila hiyo sauti bado siipendi."

"Uipende nani kakuomba? Iimbe tu."

Binti akapita katikati ya wembamba, taratibu, bila kujikunja, akaenda kusimama nyuma.