Jiwe la Mama Mtoni

Mpaka leo sipendi kusikia nyundo ikigonga jiwe.

Chini ya shamba letu, upande wa Molo, palikuwa na boma la mawe lililozingira kidimbwi cha mto. Mzungu aliyemiliki shamba hilo zamani alilijenga la kuoshea kondoo kabla ya kuwanyoa. Alipoondoka, baba aliendelea nalo. Alisimama majini hadi kiunoni, akamshika kondoo kidevu asizame, akamsugua, kisha akamsukuma hadi kwenye mlango wa boma. Hapo mama aliketi juu ya jiwe bapa, akampokea na kumkamua maji kwenye manyoya. Alifanya hivyo hata akiwa na mimba yangu.

Mama alipofariki, baba hakuosha kondoo tena. Lakini kila jioni alishuka pale akaketi chini, kando ya lile jiwe. Juu yake hakuketi kamwe. Mimi nikaona ni uzee tu. Mjuaji mkubwa, mimi.

Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa macho Nakuru, akakaa kwa dada yangu wiki kadhaa. Nikataka arudi akute nyumba ya mawe badala ya ile ya mbao iliyopitisha baridi. Mawe ya kununua ya nini, na boma limekaa bure mtoni? Tukalibomoa. Haraka haraka haina baraka, lakini sikumwuliza mtu.

Jiwe bapa likakataa kukaa ukutani.

"Boss, hii haitoshei," fundi akasema. "Nipasue tupate kokoto ya floor ya sebule?"

"Pasua tu," nikamjibu, simu sikioni.

Baba aliporudi, macho yake bado yalikuwa na ukungu. Akapapasa ukuta, akayajua yale mawe. Nilingoja anifokee. Hakunifokea.

"Na ile jiwe ya mamako uliweka wapi?"

Nikaogopa. "Iko hapo kwa ukuta, baba."

"Sawa. Nitaitafuta."

Basi akaitafuta. Kila asubuhi alianzia mlangoni, kiganja ukutani, akazunguka chumba hadi chumba, jiwe baada ya jiwe. Kila siku nilijiambia nitamweleza kesho.

Wiki aliyofariki alisimama katikati ya sebule, akachoka.

"Labda uliiweka juu sana," akaniambia. "Mkono yangu haifiki."

Sote wawili tulikuwa tumelikanyaga.