Sambusa za Kichina kwa unga wa ulezi

Mchina hanifundishi mimi unga!

Leo Anjela, mke wa mwanangu, aliyewahi kupika kwenye kambi ya Wachina wanaojenga barabara, alitaka kutupikia sambusa zao za kuchemsha. Ndani kabichi, karoti na vitunguu.

Nikamwona anafungua unga wa ngano wa dukani.

Nikamwambia, weka ulezi. Nyumba ya Mfipa hii!

"Baba, ulezi haushikani. Zitapasukia majini."

Nikamjibu, nimesonga ugali wa ulezi kabla hujazaliwa. Zikipasuka nitazila zote peke yangu.

Nikakanda mwenyewe. Nikakunja mwenyewe. Zilichanika kidogo, nikaziba kwa kidole. Nzuri, jamani, kama masikio ya mtoto!

Nikazitumbukiza kwenye maji ya moto. Nikafunika.

Nikafunua.

Uji. Kabichi inaelea.

Anjela akageukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mama watoto hata hakujificha, alicheka mpaka akakaa chini: "Mzee, kijiko hiki hapa."

Nikala. Nikaongeza. Nikakwangua mpaka sufuria ikang'aa.

Sasa anayesema nimeshindwa aje anioneshe hiyo sambusa iliyopasuka. Iko wapi? Semeni kwenye maoni, nawasoma!