Mwavuli Unaoosha Nywele za Mama Mkwe

Saa moja kasoro robo asubuhi, sufuria ya maji iko jikoni na msusi ameinama juu yake, amekunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko. Anachovya kiwiko, anakitoa, anaongeza kikombe cha maji baridi, anachovya tena.

"Kiganja cha msusi kimezoea moto, kinadanganya," anaeleza. "Kiwiko hakijazoea kitu."

Chumba cha pili, mama mkwe wake amelala chali kwenye kitanda cha mbao kilichosogezwa karibu na dirisha. Ana miaka sabini na moja. Upande wake wa kushoto umepooza tangu apatwe na kiharusi miaka mitatu iliyopita, lakini mkono wa kulia ni mzima, na mdomo ndio usiseme. Kwa mkono huo anapapasa shuka chini ya bega, polepole, kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

Shuka ni kavu. Anataka kuhakikisha kwamba lilikuwa kavu kabla mtu hajaanza kumwaga maji. Tabia hiyo haikuja bure.

Mwandishi wa makala haya alikuja katika nyumba hii kwa ajili ya tuzo. Miezi minne iliyopita, kwenye maonyesho ya vifaa vya nyumbani vilivyorahisishwa, msusi huyu mwenye miaka thelathini na tisa alishika nafasi ya kwanza. Aliwashinda waliotengeneza jiko la kukunja na meza ya kupigia pasi inayobebwa begani kama mkoba. Kikombe cha ushindi kipo dirishani. Humo ndani mna vitana vitatu na mkasi.

Kilichompa ushindi ni beseni la kuoshea nywele za mgonjwa asiyeweza kuamka kitandani. Likikunjwa, ni mwavuli mfupi tu, unaingia kwenye mkoba wa mkononi. Likikunjuliwa, ni mwavuli uliopinduliwa, wenye pengo lililowekewa mto laini ambapo shingo inalala. Mpini ni bomba. Maji machafu yanapita katika bomba hilo na kuteremka hadi kwenye ndoo iliyo sakafuni. Lote lina uzito wa kilo moja na robo.

Mtaani sasa wanamwita Mama Mwavuli. Hajali. Anasema amewahi kuitwa mabaya zaidi, tena na huyo huyo aliyelala chumba cha pili.

Ukweli ni kwamba mama mkwe ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa msusi kwa miaka thelathini, na mtoto wake wa kiume, ambaye ni dereva wa lori la masafa marefu, alipooa, mama alimtazama bibi harusi mikono kabla ya kumtazama uso. Akamweka kwenye kigoda, akampa kichwa cha plastiki cha kujifunzia, akamwambia asuke. Akafumua. Akamwambia asuke tena.

"Alinifumulia mwezi mzima," msusi anasema. "Nilikuwa nalia jikoni, nanawa uso, narudi kusuka."

Kiharusi kilipokuja, mambo yaligeuka. Mkwe akawa wa kumlisha mama, kumwogesha, kumgeuza. Yote aliyaweza isipokuwa nywele. Kumwosha kichwa mtu asiyeweza kukaa kulihitaji watu wawili, saa nzima na mashuka mawili, na mume wake huwa safarini wiki tatu katika kila nne. Basi siku zikapita. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na mama huyu alikaa miezi miwili bila kuoshwa nywele huku mkwe wake akiosha vichwa vya watu kutwa saluni.

Siku moja mama alimwomba amnyoe zote.

Msusi hakumnyoa. Anakiri kwamba alitoka nje, akasimama kituoni kwenye mvua kusubiri basi la kumpeleka kazini, na hakuweza kuzuia machozi. Upepo ukaupindua mwavuli wake juu chini. Alipokuwa akihangaika kuurudisha, aliona maji yamejaa ndani yake na hayamwagiki. Basi lilikuja, likaondoka, naye bado ameushika hivyo hivyo. Waliokuwa kituoni walimpa nafasi ya kutosha, kama mtu anavyompa nafasi kichaa.

Siku hiyo hakwenda saluni. Alikwenda kwa fundi miavuli.

Fundi huyu ni mzee mwembamba mwenye kibanda cha upana wa mlango mmoja, na alidhani mteja anamtania. Amerekebisha miavuli maisha yake yote ili isiingize maji, sasa anaambiwa atengeneze wa kuyashika. Lakini alikata, akashona, akapima. Walipokosa shingo ya kupimia, msusi alileta alichonacho, yaani kile kichwa cha plastiki.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo msusi peke yake angeweza kulifanya. Kichwa cha kujifunzia kusuka hakifikishi nusu kilo. Kililala kwenye beseni vizuri, maji yakapita, wote wawili wakapongezana. Kichwa cha mtu aliye hai kinakaribia kilo tano. Mama alipolaza cha kwake, beseni liliinama upande wa kitanda na ndoo nzima ya maji ikashuka mgongoni mwake, ikaingia hadi kwenye godoro.

Fundi alijaribu kuchekesha, akasema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, angalau ndoo ya maji machafu ilikuwa nyepesi kubeba. Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo mama anapapasa shuka.

Dawa ilikuwa kibao. Ni ubao mwembamba, ukubwa wa daftari, uliounganishwa na beseni kwa kitambaa kigumu. Unasukumwa chini ya godoro, na uzito wa mgonjwa mwenyewe unaubana na kulizuia beseni lisiiname. Kikishawekwa, mtu mmoja anaosha kichwa kwa dakika ishirini na shuka linabaki kavu. Kwa hilo walipewa tuzo.

"Na unajua majaji walilijaribu kwa kichwa gani?" mama mkwe anauliza kutoka kitandani, bila kuulizwa na mtu. "Cha plastiki. Wasomi wazima."

Tuzo ni jambo moja na riziki ni lingine. Msusi bado anakodi kiti katika saluni ya mtu, na theluthi ya anachopata inaishia kwenye kodi ya kiti hicho. Akiwa kazini, mama anabaki na jirani ambaye ana watoto wake wa kuangalia. Hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Kwa hiyo nyumba moja ya kulelea wagonjwa wa muda mrefu ilipotaka mabeseni thelathini, moja kwa kila kitanda, msusi aliona mlango umefunguka. Kazi hiyo angeifanya na fundi hapa hapa sebuleni, na mama akiwa hatua kumi tu kutoka alipo. Lakini muuguzi mkuu aliweka sharti. Muuguzi msaidizi asiyewahi kuliona beseni alitumie peke yake, kwa kufuata karatasi ya maelezo tu, na aliyelibuni akae chumbani bila kusema neno.

Mama mkwe alisema kichwa kitakachooshwa ni chake. Hakutaka mjadala. Gari la jirani likawapeleka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi iliyopita, na msusi anaisimulia akiwa ameshika sufuria ambayo amesahau kuitua. Muuguzi msaidizi alikuwa binti mpole, mwenye mikono mizuri. Alikunjua beseni vizuri. Alitumbukiza bomba kwenye ndoo vizuri. Akainua kichwa cha mama, akakilaza kwenye mto wa shingo, akaendelea kukishikilia kwa mkono wa kushoto. Kibao kilikuwa kinaning'inia pembeni ya kitanda.

Binti akachukua jagi la maji.

"Nilijiambia, wana mashuka mengi hapa. Nilijiambia, ni maji tu, si moto," msusi anasema. "Halafu nikaona mkono wa mama unapapasa shuka. Alikuwa ameshajua. Na alikuwa amenyamaza kwa ajili yangu."

Msusi akasema, "Kibao."

Neno hilo moja lilitosha. Muuguzi mkuu alifunga daftari lake. Hakuwa na ukali, msusi anasisitiza. Alimweleza kwamba ana wagonjwa thelathini na msusi ni mmoja, na hatakuwepo kila zamu kuwakumbusha watu. Akampa wiki mbili arudi na kitu kisichohitaji kukumbushwa. La sivyo, atanunua mabeseni ya kawaida.

Njiani kurudi msusi alikuwa ametazama dirishani, akihesabu moyoni alichokipoteza. Ni pale walipokaribia nyumbani mama alipomshika kiganja kwa mkono wake mzima.

"Wanasema mdomo huponza kichwa," alimwambia. "Wako leo umekiponya. Sasa acha kununa, tukapate chai."

Msusi anasema kwa miaka kumi na tano ya ndoa hilo ndilo neno la kwanza la sifa alilowahi kulisikia kutoka kwake, na kwamba alilia tena jikoni, lakini kwa sababu nyingine.

Kwa siku tatu alikuwa na swali moja kichwani, kwa nini yule binti alisahau. Jibu alilipata mlangoni pake, alipokuwa akitoka bila pochi.

"Pochi nimeisahau mara ngapi," anasema. "Lakini sijawahi kusahau kufungua mlango, maana nisingetoka."

Akamwendea fundi, akamwambia anataka beseni lisilokunjuka mpaka kibao kiwe chini ya godoro. Fundi alishika kichwa. Kesho yake akaomba waya wa breki ya baiskeli.

Beseni hilo jipya limeletwa jana jioni. Fundi amelijaribu, msusi amelijaribu, lakini wao wanalijua. Asubuhi hii anahitajika mtu asiyelijua, na ndiyo maana msusi sasa anamtazama mwandishi wa makala haya kwa jicho ambalo mwandishi angependa asitazamwe.

Mwandishi anajitetea kwamba hajawahi kuosha nywele za mtu yeyote. Anaongeza kwamba hata za kwake ziliondoka zamani.

"Basi wewe ndiye hasa," anasema mama mkwe.

Msusi anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kile kile alichojifunzia kusuka. Anabana viganja vyake katikati ya magoti. Kuanzia hapo hasemi neno.

Mwandishi anachukua beseni, analisukuma kama anavyosukuma mwavuli wake. Haliendi. Anaipitia karatasi kwa haraka, anajaribu tena kwa nguvu. Vyuma vimekaza. Anamtazama msusi, naye anatazama miguu yake mwenyewe.

Kibao kinaning'inia mkononi mwa mwandishi kikimsumbua. Anakigeuza. Upande mmoja kuna kitufe kinachobonyea, na waya unatoka hapo kwenda kwenye vyuma. Anainua ukingo wa godoro, anakisukuma kibao ndani, anauachia. Godoro linabana kitufe. Mlio mdogo unasikika, na safari hii mwandishi akilisukuma, beseni linakunjuka lote.

Kichwa cha mama kweli ni kizito. Nywele zake ni za kijivu, nyingi, laini kuliko mtu anavyotegemea. Mwandishi anamwaga maji kwa woga mwanzoni, kisha kwa ujasiri kidogo, na kutoka chini inasikika ndoo ikipokea. Mama anafumba macho. Anamkumbusha mwandishi kwamba kichwa kina upande wa nyuma pia.

Mwisho mwandishi anafunga kitambaa juu ya nywele hizo na kusogea pembeni. Mkono wa kulia wa mama unatoka kwenye shuka, unaanza kupapasa chini ya bega, unashuka mgongoni, unarudi shingoni, unapita mara ya pili pale pale ulipoanzia.

"Kavu," mama anasema.

Msusi anainamisha uso magotini. Akiinuka, anaichukua ndoo ya maji machafu na kwenda nayo nje, na anarudi akipanga. Beseni litakunjwa leo. Gari la jirani limeshaombwa kwa Alhamisi, kurudi kwa muuguzi mkuu. Sebule itapimwa kuona kama meza ya fundi inaingia pale penye kochi, maana mama anataka mlango wa chumba chake ubaki wazi ili aone wanavyofanya kazi, na akiona mshono mbaya awaambie wafumue.